Kwenye filamu hakuna anayesubiri

Ukitaka kumjua mtengeneza filamu ambaye hajawahi kukaa na kompyuta ya kazi, mtazame mhusika wake anavyonakili mafaili. Anachomeka flashi, mstari wa kijani unakimbia, mlio mmoja, tayari, anachomoa na kutokomea kabla mlinzi hajageuka. Na alichonakili ni siri za serikali nzima. Mimi hapa Moshi nikimwekea mama mmoja picha za harusi ya bintiye kwenye flashi ya buku tano, tunaongea mvua, tunaongea bei ya mahindi, tunaingia kwenye ugomvi wa mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, maneno yanatuishia, na mstari bado uko katikati.

Kazi hii nilianzia Arusha kwa mjomba wangu, mitaa ya Kaloleni, na sasa nina steshenari yangu mwenyewe Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga Windows, tunafufua laptopu zilizomwagiwa chai, tunawajazia watoto fomu za mkopo wa chuo. Filamu nazo nazipenda kupita kiasi, na mke wangu anaweza kuthibitisha. Watu wengi wanaona programu za kompyuta na filamu ni mambo mawili tofauti. Kwangu yaliingia kwa mlango mmoja, kwa CD na flashi, na yote mawili nimeishia kuyapima kwa kipimo kimoja: nani anasubiri, anamsubiri nani, na je, aliulizwa kwanza?

Wateja wangu wengi waliiona kompyuta kwenye filamu kabla hawajaigusa. Siwacheki, maana hata mimi nilianzia kibanda umiza, benchi za mbao, pazia jeusi mlangoni, na mtafsiri anayeongeza chumvi yake kila jamaa anapogusa kibodi. Ndiyo maana mtu mzima na akili zake anaingia dukani, anavuta kiti karibu, anashusha sauti: "Fundi, hivi huwezi kuniingilia kwenye WhatsApp ya mume wangu?" Namwambia, dada yangu, siwezi. Ananiangalia. Anadhani naringa, au nataka aongeze dau. Nikimweleza kwamba tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayepokea, na kwamba hata wenye kampuni hawawezi kuusoma njiani, anaona nazungusha maneno tu. Kwenye filamu si jamaa hugonga kibodi mara mbili akasema nimeingia?

Wezi wa kweli wa mtandaoni wa hapa kwetu kila mtu anawajua, ila hakuna filamu iliyowatendea haki. Ni yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hana miwani myeusi, hana skrini sita ukutani. Anatuma ujumbe uleule kwa namba chungu nzima, kisha anakaa kumngoja mmoja ambaye kweli siku hiyo alikuwa anadaiwa hela na mtu. Kipaji chake ni subira. Nimempigia mahesabu mama wa mitumba wa Memorial aliyeliwa hela ya mzigo kwa njia hiyo, na hakuna antivairasi ambayo ingemsaidia.

Katika hizo filamu za wadukuzi, sehemu ninayoipa saluti ni fupi mno. Kwenye The Matrix ya pili, ya 2003, mhusika Trinity anatumia Nmap, programu ya kweli iliyokuwepo tangu 1997, ambayo hadi leo watu wa mitandao huitumia kuangalia kompyuta ina milango ipi iliyo wazi. Inaonekana kwa sekunde chache halafu anaendelea na mapikipiki yake. Vijana wa chuo wanaokuja dukani nimewaonyesha sehemu hiyo mara nyingi kuliko mapigano yote.

Kuna nyingine iliyochekwa bure. Jurassic Park, 1993. Mtoto wa kike anakaa mbele ya kompyuta, anatamka kwamba huu ni mfumo wa Unix na kwamba anaujua, na kwenye skrini folda zimesimama kama vizimba, yeye anapaa juu yake akitafuta faili la kufunga milango. Watu waliojiona wajuzi walicheka miaka na miaka kwamba hakuna kitu cha namna hiyo. Kipo. Kinaitwa fsn, kilitengenezwa na Silicon Graphics kwa ajili ya kompyuta zao zilizokuwa zikiendeshwa na IRIX, mfumo wa ukoo wa Unix. Na kinachonifurahisha zaidi si ukweli wa programu yenyewe. Ni kwamba mtoto yule anasubiri! Dubwana linasukuma mlango, watu wazima wanauegemea kwa mabega, na skrini inasogea kwa madaha yake, inajichora, inajichora tena. Hapo ndipo nilipomwamini Spielberg, mwongozaji wake, kuliko kwenye dinosaria wake wote.

Lakini kisa kikubwa kuliko vyote kuhusu kompyuta na filamu hakikuigizwa, kilitokea kweli. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Mtu mmoja akaandika amri ya kufuta, rm, mahali pasipostahili kwenye seva yao. Waliokuwa kazini wakaona wahusika wanapotea kwenye folda mmoja baada ya mwingine. Wakakimbilia simu, wakaagiza mashine ichomolewe kwenye umeme. Wakarudi kwenye nakala za akiba, na hapo ndipo jasho lilipotoka, kwa sababu zile nakala zilikuwa zimeharibika kwa wiki kadhaa bila mtu yeyote kujua. Zilikuwa zikitengenezwa, ila hakuna aliyekuwa akizijaribu.

Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa ufundi wa filamu ile. Alikuwa amejifungua, anafanyia kazi nyumbani, na kwa hiyo nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta yenye filamu nzima au karibu nzima. Wakaenda na gari, wakaizungushia mablanketi, wakaiweka kiti cha nyuma, wakaendesha polepole kurudi ofisini. Utamu wa kisa hiki, au uchungu wake, ni kwamba baadaye wakubwa waliona hadithi yenyewe haijakaa vizuri, na sehemu kubwa ya walichookoa ikafanywa upya kabla filamu haijatoka 1999.

Amri ile ya herufi mbili ipo kwenye kompyuta hii ninayoandikia. Haina huruma wala haina pipa la taka la kuokotea vitu baadaye, na ukiiandika vilivyo haikuulizi mara ya pili. Ndiyo maana mwanafunzi akija kuchapa ripoti ya fildi, kabla hajainuka kwenye kiti namwambia ajitumie kwa barua pepe, kisha aifungue hapohapo tuone. Hiyo ya kuifungua ndiyo wanayokereka nayo. "Fundi, si imeshaenda?" Imeenda, ndiyo, hata nakala za Pixar zilikuwa zinaenda.

Nina sababu. Flashi ya steshenari ni daladala, inapakia yeyote. Kuna kirusi kimoja wanachuo wanakijua kwa jina la shotikati. Unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka vijialama vidogo vyenye mshale. Ukibofya kimoja, folda inafunguka kama kawaida, na wakati huohuo kirusi kinajipandikiza kwenye mashine. Watu wanalia, wanadhani kazi imefutika. Haijafutika. Kirusi kimezificha folda halisi kwa kuzibandika alama za faili fiche na faili la mfumo, kisha kimeweka shotikati zenye majina yaleyale ili kila utakapobofya ukiamshe chenyewe. Kwenye Windows unaandika attrib, unaondoa zile alama, folda zinarudi. Kwenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, huhitaji hata hilo. Unachomeka flashi, folda zote ziko wazi, na zile shotikati zimekaa pembeni kama mafaili yasiyo na kazi, maana hazijui zimfanye nini mwenyeji wa aina hii. Unazifuta. Mara ya kwanza mteja akiona hivyo anakuita mganga.

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu ya kwanza ya kuipenda Linux, na naomba ieleweke kwamba si itikadi. Ni hii kazi.

Kwa mjomba tulikuwa watu wa Windows XP. Ilitoka 2001, na kwetu ilikaa muda mrefu mno baada ya Microsoft kuiacha Aprili 2014. Mjomba hakuitoa kwa sababu ya usalama. Aliitoa kwa sababu Chrome iliacha kuipa matoleo mapya 2016 na tovuti za kuombea ajira zikaanza kugoma kufunguka. Vista ya 2007 ilipita kwetu kama ugonjwa: mashine zenye RAM, ile kumbukumbu ya muda, ya MB 512 ziliivaa, zikashindwa kupumua, tukazirudisha XP. Windows 7 ya 2009, kwa maoni yangu, ndiyo bora waliyowahi kutoa, na sijaona hoja ya kunibadilisha. Windows 8 waliondoa kitufe cha Start, wateja wakawa wanapiga simu kuuliza kimeenda wapi. Tuiache hiyo.

Windows 10 ya 2015 ndiyo iliyoharibu uhusiano. Si mbaya kiufundi, tena ina mengi mazuri. Shida yangu ni kwamba iliandikwa na watu wanaodhani intaneti ni bomba la maji lililoachwa wazi. Mwalimu mmoja wa sekondari alinunua bando la wiki ili atume matokeo ya mtihani wa muhula. Akafungua hotspoti kwenye simu, akawasha laptopu ambayo ilikuwa haijaonja intaneti tangu likizo. Kabla hajafika kwenye barua pepe, ujumbe ukaingia kwenye simu: umetumia kifurushi chako chote. Laptopu ilikuwa imejihudumia kwanza. Alipoizima kwa hasira, ikakataa kuzima, ikamwandikia asubiri, inaweka apdeti, asizime kompyuta. Betri ilikuwa imebaki kidogo na umeme wa mtaa ulikuwa umeondoka tangu saa nne. Aliniletea ikiwa inazunguka vidoti bila kufika popote.

Dawa ipo, na ni ndogo: unapounganisha hotspoti, ingia kwenye mipangilio ya ule mtandao uiambie Windows kwamba intaneti hii inapimwa. Apdeti nyingi zitatulia hadi uzipe ruhusa. Nimeshawawekea watu wengi. Kinachoniudhi ni kwamba ilibidi mimi ndiye niende kuomba. Kompyuta ni yake mwalimu, bando ni lake, na zamu ya kusubiri akapangiwa yeye na mtu asiyemjua.

Kwenye Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, mambo yako kinyume. Alama ndogo inakwambia kuna apdeti, inakuonyesha ukubwa wake kwa MB, unaamua wewe. Nikiwa na Wi-Fi ya bure mahali nafanya zote, nikiwa na bando la kubana sigusi. Huo ndio uhuru ninaoujua kwenye programu. Ule mwingine wa kusoma msimbo wake nawaachia wenye macho.

Linux ilifika kwetu kwa posta. Mark Shuttleworth, yule wa Afrika Kusini aliyekwenda angani 2002, alianzisha Ubuntu, toleo jingine la Linux, 2004, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakimtumia CD yeyote aliyeomba, popote duniani, bila senti. Mjomba akaomba. Tukazichukua kwenye sanduku lake pale Posta ya Mnara wa Saa, bahasha ya karatasi ngumu, CD ndani na stika. Mjomba alizigeuza mkononi muda mrefu akitafuta bei. Hakuamini mtu anaweza kulipia stempu toka Ulaya ili ampe programu bure, akasema lazima kuna mtego, akaziweka kabatini. Mimi ndiye niliyezitoa. CD ile ilikuwa na kitu ambacho kwa wakati ule kilinishangaza: unaiweka, mfumo mzima unawaka kutoka kwenye CD bila kugusa hata diski, unaujaribu, ukichoka unatoa CD na Windows yako iko palepale. Hata leo mteja asiyeamini humwashia hivyo, siku hizi kwa flashi.

Sasa nikisifia upande mmoja tu nitakuwa muongo. Linux imeniaibisha mbele ya watu. Printa moja niliyoipata kwa bei nzuri ilikataa kabisa kuelewana nayo, na nikalazimika kuacha mashine moja ya Windows kwa ajili ya printa tu. Ripoti ya kurasa 60 iliyoandikwa kwa Calibri, ukiifungua kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, isiyo na fonti hiyo, inaweza kukua kurasa mbili tatu na jedwali la yaliyomo likawa uongo mtupu. (Weka fonti ya Carlito, herufi zake zina upana uleule, tatizo kubwa linaisha. Hakuna anayekwambia hilo mwanzoni.) Programu za uhasibu zinazotumiwa na maduka mengi mjini ni za Windows. Vijana wa studio za picha wanataka Photoshop, na ukimwambia ajaribu GIMP, ya bure ya kuhariri picha, anakuangalia kama umemtukana.

Na kuna uongo mmoja wa Linux unaofanana kabisa na ule wa filamu. Unanakili faili kubwa kwenda kwenye flashi, mstari unakimbia hadi mwisho kwa kufumba na kufumbua, mteja anafurahi, ananyoosha mkono achomoe. Usichomoe! Faili liko kwenye RAM bado, mashine inalimimina kwenye flashi polepole kwa nyuma ya pazia. Hadi ubofye kutoa kwa usalama na ikukubalie, hujamaliza. Windows nayo ina uongo wake wa kinyume, inakuandikia dakika mbili zimebaki, kisha saa moja, kisha sekunde tano, kwa sababu inakadiria kwa kasi ya dakika ile, na mafaili madogo elfu moja huchukua muda kuliko faili moja kubwa la uzito uleule. Kati ya waongo hao wawili, yule wa Windows ndiye asiye na madhara.

Nimetaja filamu na flashi, basi niseme na hili. Kwa mjomba tuliwahi kuwa wajazaji wa filamu kama kila mtu wa mtaa ule. Siku hizi sifanyi, nina leseni ya biashara na sitaki maneno na watu wa hakimiliki. Lakini ile kazi ilinifundisha kompyuta kuliko kozi yoyote. Mteja analeta flashi ya GB 8, tupu kabisa, filamu ina GB 5, mashine inakataa kwamba faili ni kubwa mno. Anadhani umemwibia nafasi. Flashi imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kutunzia mafaili, nao haubebi faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi ipo tele. Ukiibadilisha iwe NTFS, mpangilio wa Windows, anarudi jioni: televisheni yake haiisomi. Ukimpa filamu iliyobanwa kwa H.265, njia mpya ya kubana video, ambayo inaweza kuwa nusu ya uzito wa ile ya zamani ya H.264 kwa ubora unaokaribiana, anarudi kesho yake: sauti ipo, picha hakuna, maana televisheni ni ya kabla ya mambo hayo. Kila mteja alikuwa fumbo. VLC, programu ya kuchezea video, ndiyo iliyotuokoa. Ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja Paris mwaka 1996, ni ya bure, haina matangazo, na sijakutana na programu nyingine inayokubali kucheza faili lililokatikia nusu bila kulalamika. Ningeulizwa programu moja ya kuingia nayo kaburini, ningetaja hiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kujali filamu zinatengenezwaje, si nani anampiga nani. Nilipojua kwamba Titanic ya 1997, ile iliyoliza Arusha nzima, sehemu ya picha zake za kompyuta zilichakatwa kwenye mashine zaidi ya 100 zilizokuwa zikiendeshwa na Linux, nilimpelekea mjomba habari ile nikiwa natetemeka. Akaniuliza kama hao nao walipokea CD kwa posta.

Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Kwenye filamu za kompyuta kila moja ya picha hizo inaweza kuchukua saa nyingi kuchakatwa. Kwa hiyo ile filamu ambayo shujaa hasubiri hata sekunde mbili, nyuma yake kuna ukumbi wa mashine zilizosubiriwa usiku kucha kwa miezi. Hilo hawatuonyeshi, na naelewa, nani angelipa kiingilio.

Kuna mzee mmoja wa Usa River, babu mwenye heshima zake, aliyekuja dukani kwa mjomba akitaka filamu ya Hatari!, ile ya John Wayne iliyotoka 1962. Shikamoo babu, karibu. Alikuwa kijana mdogo walipokuja kuipiga Momella, chini ya Mlima Meru, na anakumbuka magari. Waigizaji walikimbiza wanyama wenyewe, na Howard Hawks, mwongozaji, hakuweza kufuata hadithi iliyoandikwa mapema kwa sababu faru hasomi hadithi; walingoja mnyama afanye lake, kisha wakatunga kuzunguka hapo. Nilikaa na babu tukaitazama pale dukani kwenye skrini ya mashine ya kuchapia. Hakujishughulisha na John Wayne. Kila mara alikuwa ananyoosha kidole kando ya picha, kwenye mlima, kwenye miti, akinitajia palikuwa mahali gani. Mimi nilikuwa natazama vumbi. Vumbi lile ni la kweli, ni lilelile linaloingia kwenye feni za kompyuta zangu.

Miaka mingi baadaye ikaja The Lion King ya 2019, simba hadi manyoya, nyasi hadi umande, na mwongozaji Jon Favreau mwenyewe akasema ndani yake kuna kipande kimoja tu kilichopigwa kwa kamera halisi, kile cha jua linalochomoza mwanzoni. Yaliyobaki yote ni kompyuta. Niliitazama na nikaheshimu kazi. Lakini wanyama wale hawajawahi kumngojesha mtu porini, na naona inaonekana usoni mwao. Mke wangu anasema natafuta sababu.

Windows 10 nayo imeshafika mwisho, Oktoba 14, 2025. Hapa Moshi hilo si habari ya gazetini, ni foleni dukani kwangu. Kompyuta nyingi tunazotumia ni za mtumba kutoka Ulaya, nzima, chuma kizuri, prosesa za kizazi cha nne au cha sita, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda mbele. Kuna ujanja wa kuilazimisha, mafundi tunaujua, ila Microsoft hawaahidi kwamba mashine uliyoilazimisha wataendelea kuihudumia, kwa hiyo mteja namwambia kabla sijaanza. Mwenye programu ya uhasibu simshauri mambo mengine, ajipange kwa mashine mpya kidogo. Mwenye steshenari, mwalimu, mwanafunzi, mama wa kanisa anayeandika ratiba za kwaya, namwekea Mint 22 na SSD, ile diski ya kasi, ya bei ya kawaida, mpangilio wa skrini anaukuta karibu na ule aliouzoea, na ana huduma hadi 2029. Kwenye LibreOffice nabadilisha jambo moja kila mara, nalo ni ile akiba ya dharura inayojihifadhi yenyewe kila baada ya muda; nisingoje dakika 10, naiweka mbili. Umeme wetu hautoi taarifa.

Mmoja wa waliokubali ni kijana wa Pasua ambaye hahangaiki na ripoti wala kwaya. Anatengeneza katuni. Alikuwa amesikia kwamba Flow, ile filamu ya paka kutoka Latvia iliyotwaa Oscar ya katuni Machi 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure, na kwamba mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, hakuhitaji ukumbi wa mashine za kuchakata, alitumia EEVEE, injini ya ndani ya Blender inayotoa picha kwa sekunde badala ya saa. Kijana akaja na kompyuta ya mezani ya mtumba na swali: na hii je? Tukaiwekea Mint, tukaiwekea Blender, tukafungua mfano mmoja mdogo. Ilisonga, ila kwa kusuasua. EEVEE inategemea kadi ya picha, na kadi ya mashine ile ilikuwa ya kuandikia barua.

Hela yake ilitosha kitu kimoja. Mimi nikamshauri anunue UPS kwanza, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, kwa sababu najua mtaa wao umeme unakatika saa ngapi, na hakuna kinachouma kama kuchakata usiku kucha ukapoteza asubuhi. Akanisikiliza kwa adabu zote, ndiyo kaka, nimekuelewa kaka. Akaenda Arusha, akarudi na kadi. Anachofanya sasa ni kuitoa kila picha kama faili lake peke yake badala ya video moja ndefu, ili umeme ukikatika apoteze picha moja tu na aendelee alipoishia. Nilipomuuliza nani kamfundisha, akasema amesoma kwenye mwongozo wa Blender wenyewe, akisubiri kadi ifungwe.